Waliopanda Pamoja Naye: Wanawake Katika Msafara wa Yesu

Msomaji anayeisoma Injili ya Marko kwa mfululizo, kuanzia mto Yordani mpaka Golgotha, hukutana na jambo la kushangaza anapofika sura ya 15. Yesu amekwisha kukata roho. Wanafunzi wanaume wametawanyika tangu usiku wa kukamatwa kwake, na Petro amekwisha kumkana. Ndipo mwandishi anapotuambia kwamba palikuwako wanawake waliokuwa wakitazama kwa mbali, miongoni mwao Mariamu Magdalene, Mariamu mama yao Yakobo mdogo na Yose, na Salome. Kisha anaongeza maneno yanayopaswa kumrudisha msomaji mwanzo wa kitabu, kwamba wanawake hao walifuatana na Yesu tangu huko Galilaya na kumtumikia, na kwamba walikuwako wengine wengi waliopanda pamoja naye mpaka Yerusalemu.

Kitabu kina sura 16, na kwa sura 14 nzima hatukuelezwa kwamba katika msafara ule walikuwamo wanawake. Tuliwaona mmoja mmoja, kama mama mkwe wa Simoni aliyeponywa homa, au yule aliyetokwa damu kwa miaka 12, lakini hao walikuja, wakaponywa, wakatoka katika simulizi. Sasa tunaambiwa kwa sentensi moja kwamba kulikuwa na kundi kubwa la wanawake lililotembea njia ileile, likala vumbi lilelile, na kusikia mafundisho yaleyale, kwa muda wote ambao sisi wasomaji tulidhani tunawatazama wanaume peke yao. Ni vigumu kuirudia Injili hiyo baada ya kulitambua jambo hili bila kujiuliza ni mahali gani pengine walipokuwapo pasipo kutajwa.

Sababu ya kwanza ya kutoonekana kwao ni lugha. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na Kigiriki hugawa nomino kwa jinsia. Kundi lenye wanaume na wanawake hupewa umbo la kiume, hata kama wanawake ndio walio wengi, kwa hiyo neno linalotafsiriwa "wanafunzi" haliwezi peke yake kutuambia ni nani hasa aliyekuwamo. Kiswahili hakina tatizo hilo. Mwanafunzi, mfuasi, shahidi, yeye, wao: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomtenga mwanamke, kwani ngeli ya watu inawakusanya wote. Msomaji wa Kiswahili, basi, hawezi kuisingizia sarufi. Lugha yake imeuacha mlango wazi, naye huufunga kwa picha aliyokuwa nayo tangu utotoni, mara nyingi ile picha ya Karamu ya Mwisho iliyotundikwa ukutani sebuleni, ndani ya fremu ya dhahabu ya plastiki, yenye wanaume 13 mezani na hakuna hata mwanamke mmoja anayepita na jagi la maji.

Sababu ya pili ni desturi ya kuhesabu. Mathayo, baada ya kusimulia jinsi mikate mitano na samaki wawili walivyowatosha watu, anaandika kwamba waliokula walikuwa wanaume wapatao elfu tano, bila wanawake na watoto. Hafichi kwamba walikuwapo, walikaa kwenye majani yaleyale na kushiba. Ila wameachwa nje ya hesabu, kwa sababu ndivyo umati ulivyohesabiwa siku zile.

Je, tuna ushahidi gani kwamba neno "wanafunzi" ndani ya Injili liliwajumuisha wanawake kweli, na kwamba jambo hili si matamanio ya wasomaji wa leo? Kwangu mimi ushahidi wenye nguvu kuliko wote umo katika Luka, nao hupitwa kirahisi kwa sababu umejificha ndani ya neno moja. Asubuhi ya kufufuka, wanawake wamefika kaburini na manukato, wakakuta jiwe limeviringishwa. Watu wawili wenye mavazi ya kumetameta wanawaambia: "Kumbukeni alivyosema nanyi alipokuwa akaliko Galilaya," yaani kwamba Mwana wa Adamu hana budi kutiwa mikononi mwa wenye dhambi, kusulibiwa, na kufufuka siku ya tatu. Luka anaendelea: "Wakayakumbuka maneno yake."

Neno la kuzingatia ni "nanyi". Hawaambiwi wakumbuke habari waliyosimuliwa na Petro au Yohana. Wanaambiwa kwamba Yesu alisema nao wenyewe, nao wanakumbuka. Sasa turudi Galilaya, katika sura ya 9 ya Injili hiyohiyo, tutafute ni lini maneno hayo yalisemwa. Hayakusemwa mbele ya makutano. Luka anaeleza kwamba Yesu alikuwa akisali kwa faragha, wanafunzi wake wakiwa pamoja naye, alipowauliza watu husema yeye ni nani; Petro akajibu, na hapohapo Yesu akawaeleza juu ya mateso yake, akiwakataza wasimwambie mtu. Ikiwa wanawake waliyakumbuka maneno yaliyosemwa katika faragha ile, basi walikuwamo katika faragha ile. Mwandishi aliandika "wanafunzi", na kwa neno hilo alimaanisha na wao.

Mathayo anatoa dokezo jingine. Yesu anaambiwa kwamba mama yake na ndugu zake wamesimama nje wanataka kusema naye, naye ananyosha mkono kuelekea wanafunzi wake na kusema kwamba yeyote afanyaye mapenzi ya Baba yake aliye mbinguni, huyo ndiye "ndugu yangu, na umbu langu, na mama yangu." Umbu ni neno la zamani la Kiswahili kwa dada, na vijana wengi wanaosoma tafsiri ya Union, ile Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, hulipita bila kulielewa. Mtu haelekezi mkono kwenye kundi la wanaume watupu akaita umbu na mama.

Mahali ambapo wanawake wa msafara wanatajwa mapema, na kwa majina, ni mwanzoni mwa sura ya 8 ya Luka. Yesu anazunguka katika miji na vijiji akihubiri, wale Thenashara, yaani mitume kumi na wawili, wako pamoja naye, na pamoja nao wako wanawake waliokuwa wameponywa: Mariamu aitwaye Magdalene, Yoana mkewe Kuza, wakili wake Herode, Susana, "na wengine wengi, waliokuwa wakimhudumia kwa mali zao." Katika nakala nyingine za kale za Kigiriki imeandikwa kwamba waliwahudumia "wao", maana yake Yesu pamoja na kundi lake lote.

Yoana anastahili kutazamwa kwa karibu. Msomaji wa leo akisikia "wakili" hufikiria mtu wa joho jeusi mahakamani. Watafsiri walilitumia katika maana yake ya zamani, ya mtu aliyekabidhiwa kusimamia mali ya mwingine, maana ileile iliyomo katika mfano wa wakili dhalimu kwenye Luka 16. Kuza alikuwa msimamizi wa mali, au pengine wa eneo, chini ya Herode Antipa, aliyetawala Galilaya na Perea tangu mwaka 4 KK hadi mwaka 39 BK. Antipa alijenga mji wake mkuu, Tiberia, kando ya ziwa, karibu na mwaka 20 BK, na ni huyu ndiye aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji. Mke wa afisa wa ngazi hiyo alikuwa mtu wa mji, mwenye nafasi katika jamii iliyozunguka jumba la mtawala, nayo ni jamii ambayo wakulima na wavuvi wa Galilaya waliijua hasa kwa kodi ilizowatoza. Mwanamke huyu sasa yuko barabarani na wavuvi. Luka hatuambii mume wake alilipokeaje jambo hilo, wala kama alikuwa hai. Anachotuambia ni kwamba fedha kutoka nyumba iliyokula kwa Herode zilitumika kuutegemeza msafara wa mtu ambaye, kwa mujibu wa sura ya 13, Mafarisayo walikuja kumwonya kuwa Herode anataka kumwua.

Huuliza wengine: mwanamke wa Kiyahudi wa karne ya kwanza angepata wapi mali iliyo yake? Mwaka 1961 timu ya mwanaakiolojia Yigael Yadin ilikuta ndani ya pango karibu na Bahari ya Chumvi mfuko wa ngozi uliokuwa umehifadhi hati 35 za mwanamke Myahudi aitwaye Babatha, zilizoandikwa kati ya miaka ya 90 na mwaka 132 BK. Ni makaratasi ya mafunjo yaliyokunjwa kwa uangalifu, kama vile mama mwenye kiwanja chake anavyokunja hati na stakabadhi na kuziweka chini kabisa ya sanduku. Humo mna mikataba ya ndoa, hati za mashamba ya mitende aliyoyaandikisha kwa ajili ya kodi, na kesi alizofungua kuhusu matunzo ya mwanawe yatima. Mojawapo, ya mwaka 128, inaonyesha kwamba mume wake wa pili alipokea kutoka kwake dinari 300 ambazo alipaswa kumrudishia akizidai. Babatha aliishi yapata miaka 100 baada ya Yesu, tena mbali na Galilaya, kwa hiyo hati zake hazithibitishi habari za Yoana moja kwa moja. Zinathibitisha kwamba mwanamke wa jamii ile aliweza kumiliki, kukopesha na kudai, kupitia urithi, zawadi za wazazi au haki zake za ndoa. Na kiasi kile si kidogo. Katika mfano wa mizabibu, Mathayo anataja dinari moja kuwa ujira wa kibarua kwa siku. Dinari 300 ni karibu mshahara wa mwaka mzima, na kwa hesabu ya Marko ndiyo thamani, tena ilizidi kidogo, ya marhamu, mafuta ya manukato, ambayo mwanamke mmoja aliimwaga juu ya kichwa cha Yesu huko Bethania, watu wakamnung'unikia.

Msafara wa watu zaidi ya kumi, ambao wameacha nyavu na forodha zao, unahitaji chakula kila siku, nao unahitaji nauli za mashua na mahali pa kulala. Mara nyingi tunasimulia habari za huduma ya Yesu kana kwamba mambo hayo yalijilipa yenyewe.

Hapa inafaa kulitazama neno "kutumikia", kwa kuwa ndilo lililowafanyia wanawake hawa dhuluma ya kimya. Katika makanisa yetu, mwanamume anayehubiri huitwa "mtumishi", na watu wakisema "mtumishi amefika" wote hugeuka kumtazama anayeelekea madhabahuni. Lakini tukisoma kwamba wanawake walimtumikia Yesu, masikio yetu husikia sufuria. Kitenzi ni kilekile. Kwa Kigiriki, neno lililotumika juu ya wanawake katika Marko 15 ndilo lililotumika juu ya malaika waliomhudumia Yesu jangwani, na ndilo Yesu alilolitumia juu yake mwenyewe aliposema kwamba Mwana wa Adamu hakuja kutumikiwa bali kutumika. Kutoka katika mzizi huo lilitokea neno ambalo Kiswahili hulitafsiri "shemasi". Katika barua kwa Wafilipi, Paulo anapowasalimu viongozi wa kanisa, tafsiri ya Union inaandika "mashemasi". Katika Warumi 16, neno hilohilo linapotumika juu ya mwanamke, Fibi wa Kenkrea, linakuwa "mhudumu". Sidai kwamba watafsiri walikuwa na nia mbaya, wala kwamba kazi ya ushemasi tayari ilikuwa na sura iliyo nayo leo. Nasema tu kwamba msomaji asiyejua Kigiriki hana namna ya kugundua kuwa amesoma neno moja mara mbili. Wala kupika si jambo la kudharauliwa. Huenda Susana alipika. Ila hatuna ruhusa ya maandiko ya kuwafungia jikoni wanawake ambao Marko anawaeleza kwa vitenzi viwili vya uanafunzi, kufuata na kutumikia.

Aliyeumizwa zaidi na usomaji wa haraka ni Mariamu Magdalene. Kila mwaka katika maigizo ya Pasaka yupo msichana anayevalishwa nguo nyekundu na kuachiwa nywele, na wote waliokaa kwenye mabenchi wanajua huyo ni nani na alikuwa akifanya kazi gani. Hakuna Injili hata moja inayosema hivyo. Luka anasema alitokwa na pepo saba, na katika Injili pepo huleta mateso, ugonjwa na wazimu. Hakuna mahali ambapo kupagawa ni jina jingine la ukahaba.

Mkanganyiko huu una historia inayofahamika. Jina Mariamu lilikuwa la kawaida mno. Ukichukua wanawake Wayahudi wa Palestina ya wakati ule ambao majina yao yamehifadhiwa, karibu nusu yao waliitwa ama Mariamu ama Salome, na ndiyo maana waandishi wa Injili hulazimika kuongeza kitambulisho: mama wa fulani, mke wa Klopa, wa Bethania. Huyu wetu anatambulishwa kwa mji wake, Magdala, mji wa wavuvi na wakaushaji samaki, kilomita zipatazo 5 kaskazini ya Tiberia, ambako mwaka 2009 wachimbaji walifukua sinagogi la karne ya kwanza. Hatambulishwi kwa mume wala mwana. Katika Luka, yule mwanamke mwenye dhambi aliyeiosha miguu ya Yesu kwa machozi yumo katika sura ya 7, hana jina, na aya chache baadaye inaanza sura ya 8 yenye jina la Magdalene. Yohana naye anasema kwamba Mariamu wa Bethania alimpaka Yesu marhamu miguuni. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri yake huko Roma, aliwaunganisha wote watatu kuwa mtu mmoja, na zile pepo saba akazifasiri kuwa maovu yote. Makanisa ya Mashariki hayakumfuata katika hilo. Yaliendelea kuwaadhimisha wanawake hao kila mmoja kwa nafasi yake. Magharibi ilichukua karne karibu 14 kabla ya marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969 kuwatenganisha tena, na mwezi Juni 2016, kwa matakwa ya Papa Fransisko, kumbukumbu ya Magdalene ya tarehe 22 Julai ilipandishwa kuwa sikukuu, ngazi moja na ile ya mitume. Amri imebadilika. Nguo nyekundu bado iko kabatini.

Kilichopotea katikati ya hayo yote ni kazi aliyoifanya. Fuata mfululizo wa Marko: wanawake wanamwona akifa; Mariamu Magdalene na Mariamu mama wa Yose wanatazama mahali anapowekwa; baada ya sabato wanarudi mahali hapohapo. Hakuna mwanamume hata mmoja kati ya Thenashara ambaye Marko anamwonyesha akiwapo katika hatua hizo tatu. Kama wanawake hawa wasingalikuwapo, kanisa lisingalikuwa na mtu wa kusema kwamba kaburi lililokutwa tupu ndilo lile alimozikwa. Katika Yohana, Magdalene analia, anamdhania Yesu kuwa mtunza bustani, anaitwa kwa jina, anajibu "Raboni", yaani mwalimu, neno ambalo mwanafunzi humwambia mwalimu wake. Kisha anatumwa. Anakwenda na kuwaambia wengine kwamba amemwona Bwana, na kwa sababu hiyo Wakristo wa zama za kati walimwita mtume wa mitume.

Habari hiyo haikupokewa vizuri. Luka anakiri kwamba maneno ya wanawake yalionekana kwa mitume "kuwa kama upuzi." Flavius Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyohiyo, anapoeleza sheria ya ushahidi anasema ushahidi wa wanawake usikubaliwe, kwa sababu ya wepesi wao. Katika karne ya pili, Celsus, mpinzani wa Ukristo, aliudhihaki ufufuko kwa kusema shahidi wake alikuwa mwanamke aliyepagawa na wazimu. Na hata ndani ya kanisa, orodha ambayo Paulo anaitoa katika 1 Wakorintho 15, yapata miaka 25 baada ya msalaba, inamtaja Kefa (ndiye Petro), Thenashara, ndugu zaidi ya 500, Yakobo, mitume wote na Paulo mwenyewe, Magdalene hayumo. Wanahistoria wengi huona hapa sababu nzuri ya kuamini simulizi za kaburini, kwani mtu anayetunga habari ili aaminiwe hachagui mashahidi ambao wasikilizaji wake watawacheka.

Hata hivyo, tusiangukie kosa jingine la kuwasifu wanawake hawa kwa kuwasingizia Wayahudi. Yoana, Susana na Magdalene walikuwa Wayahudi, kama Yesu mwenyewe, na Josephus huyohuyo anasimulia kwamba mke wa Ferora, nduguye Herode Mkuu, aliwalipia Mafarisayo faini walipokataa kula kiapo kwa mfalme. Wanawake kuwategemeza walimu wa dini kwa mali zao lilikuwa jambo linalojulikana. Lililo la pekee hapa ni kwamba hawakuishia kutuma fedha wakiwa nyumbani. Walitembea pamoja na Yesu zaidi ya kilomita 100 mpaka Yerusalemu.

Thenashara walikuwa wanaume wote, na hilo halifichiki. Idadi yao ilisimama mahali pa makabila 12 ya Israeli, yaliyotokana na wana 12 wa Yakobo. Lakini Thenashara na wanafunzi si maneno yenye ukubwa mmoja, na sehemu kubwa ya kutoonekana kwa wanawake inatokana na kuyafanya yalingane.

Baada ya Yesu kupaa, Luka anafungua kitabu chake cha pili, Matendo ya Mitume, katika chumba cha juu, huko Yerusalemu. Anawataja kumi na mmoja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kuanzia Petro hadi Yuda wa Yakobo. Kisha anasema walikuwa wakidumu katika kusali pamoja na wanawake, na Mariamu mama yake Yesu, na ndugu zake. Na aya inayofuata inasema jumla ya watu waliokusanyika ilikuwa yapata 120. Majina ya wanawake aliyajua. Katika sura ya mwisho ya kitabu chake cha kwanza alikuwa ametaja tena Mariamu Magdalene na Yoana, wakitoka kaburini na habari ambayo hakuna aliyeisadiki. Safari hii ameandika "wanawake" tu, akaendelea na Petro, aliyesimama kati ya ndugu na kuanza kusema.